Gunia Mlangoni

Ng'ambo, Tabora
20 Februari 2024

Shoga yangu Julieth,

Barua yako ya pole imenifikia ikiwa imefungwa pamoja na vitumbua. Jirani yetu Suzana ndiye aliyeipokea kwa karani wa basi, akaileta kama mtu anayeleta kifungua kinywa. Ukiona doa la mafuta kwenye majibu yangu, ujue yamerudi kwa njia ileile.

Unauliza kwa nini sipokei simu. Simu yangu anayo mama mkwe. Bi Swaumu anasema mjane wa eda hazungumzi na kila anayepiga, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Leo ni siku ya kumi na nane tangu pikipiki imwangushe Mrisho njia ya Sikonge. Bado miezi mitatu na ushee. Kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua sita, hadi mlangoni ni nne. Nimezipima mara nyingi mno hata naona haya kukwambia.

Usidhani nateswa. Mama ananipikia, ananifulia, ananiita mwanangu. Mrisho alikuwa wa pekee kwake, na nyumba hii sasa ni yeye na mimi, na gunia moja la karanga ambalo mume wangu aliliegemeza kwenye kona ya chumba apate kulipeleka sokoni asubuhi. Hakuna aliyeligusa.

Unakumbuka wiki ile ya mafunzo ya katuni pale Gongoni? Tulichora mpira mmoja kutwa nzima, tukacheka mpaka tukatolewa nje. Wewe ukaendelea na kazi hiyo, mimi nikaolewa. Nifundishe tena, Julieth, kwa barua. Mkono ukikaa bure kichwa kinafanya kazi peke yake, na kichwa changu sasa hivi hakifai kuachwa peke yake.

Sharti moja tu. Mama hataki kiumbe chenye roho kichorwe kwa mkono humu ndani. Picha ya kamera ni kivuli, anasema, lakini ya mkono ni kujifanya muumba. Kwa hiyo nipe kitu kisicho na roho.

Wako,
Najiat


Kigoma
2 Machi 2024

Najiat wangu,

Nimelia, nikafuta machozi, nikaenda kukukatia karatasi. Zimo humo, mia mbili, kila moja saizi ya karata, na kibanio cha chuma cha kuzishika. Usimpe Suzana afungie vitumbua!

Sasa sikiliza, mwanafunzi. Jicho ni jepesi kudanganywa. Ukilionyesha picha kumi na mbili kwa sekunde moja, kila moja ikipishana kidogo na mwenzake, litaapa kwamba limeona kitu kikienda. Kazi yetu yote ni huo uongo. Nimekupigia hesabu: ukichora picha moja kila siku, eda yako nzima inakuwa sekunde kumi na ushee. Nilipopata jibu hilo niliirudia hesabu upya.

Anza na mpira ule ule wa Gongoni. Picha zikiwa karibukaribu, mpira unakwenda taratibu. Zikiachana, unakwenda mbio. Kwa hiyo juu kabisa, pale mpira unapochoka kupanda, zisongamane. Ukikaribia sakafu, ziachane. Ukigonga chini ubonyee uwe kama chapati, ukiruka urefuke, lakini ukubwa usibadilike, maana ukibonyea bila kupanuka utaonekana umetoboka. Na usiuendeshe kwa mstari ulionyooka kama reli. Vitu vingi duniani vinakwenda kwa tao.

Ukiuweza mpira, chora gunia. Sifanyi mzaha. Kwenye karakana yetu ya katuni tunampa kila mwanafunzi gunia, kwa sababu halina macho wala mdomo, na bado linaweza kuhuzunika. Mama mkwe wako hatakuwa na neno, maana gunia halina roho.

Sasa hili la maana, lisome mara mbili. Mwaka huu karakana inachukua watu wanne wasio na cheti chochote. Miezi sita, chakula na kitanda, na ukifaulu unabaki kutengeneza nasi filamu za watoto wa shule. Wanataka kitu kimoja tu: sekunde kumi ulizochora kwa mkono wako, picha mia na ishirini, ziwe hapa kabla ya tarehe kumi na tano Juni. Eda yako itakuwa imekwisha wiki hiyohiyo. Kama hiyo si riziki sijui riziki ina sura gani.

Julieth


Ng'ambo
19 Machi 2024

Julieth,

Mpira unaruka! Mara ya kwanza ulishuka kama jani, mara ya pili kama jiwe, mara ya tano nikaona umegonga chini kweli, nikapiga kelele ya furaha, kisha nikaziba mdomo kwa mkono. Nyumba ya msiba na mwezi wa Ramadhani, mimi nacheka na mpira.

Lakini nimepata pigo. Ili picha ya pili ifuate ya kwanza nilihitaji mwanga nyuma ya karatasi, na dirisha la chumba changu ndilo pekee lenye kioo humu ndani, alilibadilisha Mrisho kabla ya harusi. Kila adhuhuri nikawa nasimama pale, karatasi mbili kiooni, nachora. Wapita njia wakaona mjane wa eda amesimama dirishani kila siku, saa ileile. Unajua Ng'ambo. Siku ya tatu Mama aliingia na nyundo na kanga mbili nzito, akapigilia pazia bila kunitazama. Alisema, "Mwanangu, barabara utaikuta palepale ukitoka."

Ningeweza kumwonyesha karatasi. Sikumwonyesha. Ningemwonyesha angeuliza nachora za nini, na ningelazimika kumtajia Kigoma.

Sasa mchana wote chumba kina giza la saa kumi na mbili jioni. Nasikia honi ya treni ya kwenda kwenu, nahesabu mabehewa kwa sikio.

Najiat


Kigoma
31 Machi 2024

Najiat,

Leo ni Pasaka, nimetoka kanisani moja kwa moja kuja kukuandikia, kwa hiyo nitajitahidi nisimtukane mama wa watu. Lakini kupigilia pazia! Huyo hakukalishi eda, huyo anakufungia stoo.

Haya, dawa ipo. Tafuta kipande cha kioo, kiweke juu ya vitabu viwili, chini yake taa ya sola. Hiyo ndiyo meza yangu mimi mwenyewe miaka miwili ya mwanzo.

Na kupanga je? Picha ya kwanza huwa chini kabisa ya kitita. Ya pili unailaza juu yake, ya tatu juu ya hiyo, na kuendelea, ili kila mara uone mistari ya iliyotangulia. Ukimaliza, unapitisha kidole gumba kuanzia karatasi ya chini kuja juu. Watu wote wanakosea hapa, wanaanzia juu kama wanaofungua daftari, na hadithi yao inakwenda kinyumenyume.

Usichore kwa kufuatana kama mtu anayehesabu shanga. Kwanza chora picha kuu, zile chache zinazobeba hadithi: gunia limelala, gunia limesimama, gunia mlangoni. Halafu jaza za kati.

Na jambo hili ndilo linalomtofautisha fundi na mwanafunzi: maandalizi. Hakuna kitu kinachokwenda mbele bila kwanza kurudi nyuma kidogo. Anayeruka hujikunja. Anayetupa jiwe huvuta mkono. Usipoonyesha maandalizi, gunia lako litasukumwa tu na upepo. Ukiyaonyesha, tutaona kwamba limeamua.

Julieth


Ng'ambo
22 Aprili 2024

Julieth,

Idi imepita. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza takbira na viatu vipya vya watu barabarani. Mama aliniletea pilau, akakaa kitandani kwangu, tukala sinia moja. Alinibakizia nyama yote.

Kioo nimepata. Nimekitoa kwenye fremu ya picha ya Mrisho pale sebuleni, Mama alipokwenda kuoga. Picha yenyewe nimeirudisha ukutani bila kioo. Ukiwa mbali kidogo hujui. Mchana Mama akilala nawasha taa yangu, na gunia lile la kwenye kona linakaa mbele yangu kama mtu anayepigwa picha.

Hadithi yangu ni hii. Gunia limelala chumbani. Linajikusanya, linanyanyuka, linakwenda mlangoni, linageuka mara moja kuangalia nyuma, linatoka. Mwisho unabaki mlango mtupu. Nafikiri umejua ni nani.

Nakutumia nakala ya picha ishirini za kunyanyuka. Niambie ukweli, usinihurumie kwa ajili ya msiba.

Najiat


Kigoma
6 Mei 2024

Mwanafunzi wangu,

Nimezipitisha kidole mara hamsini. Nimewaita wenzangu wote mezani. Mzee mmoja mkali anayesimamia karakana alizitazama, akasema, "Huyu aje."

Aje, umesikia?

Lakini uliniomba ukweli. Uliniambia gunia hili ni wewe. Mbona linanyanyuka kama mwanamume? Linaegemea upande wa kushoto kama mwenye goti bovu. Halafu kabla ya kuinuka kona yake ya chini inajipiga mara mbili, pap, pap, kama mtu anayejipiga paja. Maandalizi safi sana, sijaona mwanafunzi akiyaweza hivyo. Ila wewe sijawahi kukuona ukijipiga paja maishani. Umeyatoa wapi?

Tiketi ya treni nimekukatia, ya tarehe kumi na tatu Juni. Siku ukitoka eda, oga, vaa, aga, njoo na picha zako mkononi. Usianze kujadiliana na mtu.

Julieth


Ng'ambo
24 Mei 2024

Julieth,

Niliposoma barua yako nilizipitisha picha kidole upya.

Mrisho alivunjika goti la kushoto kwa kubeba magunia akiwa na miaka kumi na tisa. Kila alipotaka kuinuka, iwe na mzigo au mkekani baada ya kula, alijikunja, akajipiga paja mara mbili, ndipo akasimama. Nimeishi naye miaka minne na sikujua kwamba nimelishika hilo. Nilitaka kujichora mimi natoka, kumbe mkono ulikuwa unamnyanyua yeye.

Nimemaliza zote mia na ishirini. Sasa nikwambie nililokuficha.

Siku jeneza linatoka, Mama alitaka kulifuata hadi barabarani. Nilimshika kiunoni, nikamwambia, "Mama, mimi sitakuacha." Nilisema mbele ya wanawake wote wa mtaa. Tangu siku hiyo hajaniuliza hata mara moja nitafanya nini eda ikiisha. Mtu haulizi lile aliloahidiwa. Kama angenitesa ningetoka kwa miguu yangu miwili. Lakini ananibakizia nyama, Julieth. Natokaje kwa mtu anayenibakizia nyama?

Na kuna baya zaidi. Jana Mama alipangusa vumbi, kitambaa kikagusa uso wa Mrisho pasipo na kioo. Alikuja chumbani moja kwa moja. Alikiona kioo, taa, na kitita kizima cha picha. Alikichukua kitita, akakitazama juujuu, akaondoka nacho, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa komeo. Hata leo hajazirudisha. Nasikia tu karatasi zikichakachaka mle ndani. Nadhani anazichana moja moja.

Irudishe tiketi.

Najiat


Kigoma
1 Juni 2024

Kwa Bi Swaumu, Ng'ambo, Tabora

Shikamoo mama.

Mimi ni Julieth, rafiki wa Najiat, binti wa Nzega ninayefanya kazi huku Kigoma. Ulinilisha siku ya harusi ya marehemu, na sijasahau.

Mama, ninaandika kwa hasira na ninaomba radhi mapema. Umemchukulia simu, umempigilia dirisha, na sasa umemnyang'anya kazi ya miezi mitatu. Zile si karatasi za mchezo. Ndizo zinazompa nafasi ya kazi huku, na zikikosa kufika kabla ya tarehe kumi na tano nafasi inakwenda kwa mwingine. Hakuchora kiumbe. Alichora gunia. Kama umezichana, basi nijulishe nami nijue nimlilie rafiki yangu vipi.

Najua alikuahidi hatakuacha. Mtu aliyeahidi akilia hana budi kusamehewa akikausha macho.

Nisamehe kwa ulimi wangu.

Julieth


Ng'ambo, Tabora
11 Juni 2024

Binti Julieth,

Marahaba. Ulimi wako ni mkali lakini haukutukana, kwa hiyo nakujibu. Mkono huu ni wa darasa la watu wazima, vumilia maandishi.

Mwezi umeandama, Mfunguo Tatu, na jana tumemtoa mwenzio eda. Nimemwogesha mwenyewe, nikamvika gauni jipya. Pazia nimelibomoa. Nilidhani alikuwa akichungulia barabara, na nikaogopa maneno ya watu badala ya kumwuliza yeye. Hilo ni kosa langu.

Barua zenu sikuzisoma, ingawa nilizijua siku zote. Suzana hawezi kuficha kitu, na hakuna mjane anayekula vitumbua vingi kiasi kile. Lakini zile karatasi nilizitazama.

Nilitaka kuzichoma. Nilizishika kama ninavyoona watu wakipitisha noti, kuanzia juu kwenda chini. Julieth, niliona mlango mtupu. Halafu mwanangu akaingia. Sikuona gunia. Aliingia, akachechemea na goti lake, akafika katikati ya chumba, akajipiga paja, akakaa, akalala kupumzika. Mrisho amerudi nyumbani. Nikapitisha tena, akarudi tena.

Sasa nikwambie na hili, maana umeniita mnyang'anyi wa simu na ni haki yako. Mambo ya kuzungumza na watu hayakuwa sababu. Ndani ya simu ile kuna sauti ya Mrisho aliyomtumia mkewe siku ile ya Sikonge. Suzana alinionyesha pa kubonyeza. Anasema, "Leo nitachelewa, kuleni msinisubiri." Basi. Miezi minne mwanangu ananiambia kila siku kwamba atachelewa. Nilipopata karatasi nikawa naweka simu sikioni, napitisha kidole. Anasema atachelewa, halafu anaingia. Siku kumi na tano nimekaa humo ndani nikifanya hivyo, na mkwe wangu upande wa pili wa ukuta anadhani nachana. Nilimsikia akilia nikamwacha alie, kwa sababu nilikuwa namngoja mwanangu aingie tena. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Siku barua yako ilipofika nilikasirika, nikakinyakua kitita, kidole kikashika chini badala ya juu. Nikamwona akiinuka, akienda mlangoni, akigeuka kunitazama, akitoka. Aliyechora hakuwa akimrudisha mtu. Mchoraji anataka kutoka, na akifika mlangoni anageuka kwa ajili yangu.

Nimemwambia leo asubuhi: neno la kwenye jeneza si mkataba wa nyumba. Amelia, amekataa, nimemfokea, amekubali. Tarehe kumi na tatu nitampeleka stesheni mwenyewe. Simu nimempa, lakini sauti ile amenihamishia kwenye simu ya Suzana.

Karatasi anakuja nazo, mia na kumi na tisa. Moja nimeitoa. Ni ile ya kugeuka. Msimwambie achore nyingine. Mwenye kusafiri asigeuke nyuma, atajikwaa. Na mimi nibaki na aliyenitazama.

Gunia la karanga nimelifungua. Nimekutumia kilo mbili.

Swaumu binti Ngollo


Kigoma
28 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika, nimepokelewa, nakula vizuri, usinitafutie ugonjwa. Chumba tunacholala ni kikubwa, lakini mpaka leo nikitembea nikifika hatua ya sita nageuka mwenyewe. Julieth ananicheka, kisha anaacha kucheka.

Walizipiga picha karatasi zangu moja moja kwa kamera, wakazionyesha ukutani. Gunia likainuka, likaenda, na pale mlangoni likaruka ghafla, likawa nje. Yule mzee mkali akasimamisha. Akasema, "Hapa pamekosekana picha moja. Irudie kesho, kazi ya dakika kumi." Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikasema ipo, iko Ng'ambo, na mwenyewe anaitumia. Akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini. Lakini kitanda bado ninacho.

Mama, nilikwambia sitakuacha, na nimekuacha. Sitalipamba hilo. Nasikia honi ya treni huku pia, ila huku inakuja kutoka kwako, na kila ikilia najiona mwongo.

Basi nimeamua hivi. Kila barua nitakayokuandikia itakuwa na karatasi moja ya saizi ileile. Usizitundike ukutani. Ziweke kwenye kibanio hiki nilichokutumia, ya kwanza chini kabisa, kila inayofuata juu yake. Ukizipitisha, anzia chini. Umenisikia, mama? Chini kuja juu, safari hii usikosee.

Ya leo nimeiweka ndani. Usiseme nimekutumia karatasi isiyo na kitu. Ni mlango mtupu, na hiyo ndiyo picha ya kwanza, si ya mwisho.

Mwanao,
Najiat